Mfuko Kabla au Baada ya Feni: Mashine Iliyohesabu Mbu wa Muleba

Nyumba nyingi za Bukoba na Muleba husafishwa kwa ufagio, maji na kitambaa, na mashine ya kufyonza vumbi imebaki kuwa chombo cha hoteli na ofisi chache zenye mazulia. Lakini wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, imewahi kutegemea mashine nyingine ya kufyonza, ndogo na nyepesi, inayotumia betri na kutundikwa chumbani usiku kucha. Ni mtego wa taa wa CDC, uliopewa jina la kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ambao watafiti wa malaria waliutumia kuhesabu mbu katika tafiti zilizobadilisha sera ya vyandarua duniani. Ukiupima kwa vigezo vya wahandisi wa mashine za kufyonza vumbi, mtego huu una kasoro ambayo mashine nyingi bora za kibiashara ziliiacha. Hata hivyo nashikilia kwamba kwa kazi iliyofanyika Muleba kasoro hiyo ilikuwa uamuzi mzuri, na kwamba ubora wa mashine hauwezi kujulikana kabla ya kujua swali ambalo mashine hiyo imeletwa kulijibu.

Tuanze na vumbi. Kila mashine ya kufyonza ina feni ya kuvuta hewa na mfuko au chujio la kubaki na uchafu, na suala zito la usanifu ni kipi kitangulie. Mwaka 1901, Hubert Cecil Booth wa Uingereza alitengeneza mashine kubwa iliyokokotwa na farasi, ambayo hewa yake ilipita kwanza kwenye kitambaa cha kuchuja ndipo ikafika kwenye pampu. Mwaka 1908, James Murray Spangler, mhudumu wa usafi wa jengo katika mji wa Canton, Ohio, alipata hataza ya mashine nyepesi ya kusimama, na mawazo yake yakawa msingi wa kampuni ya Hoover. Katika mashine za ukoo wake, brashi inayozunguka hukung'uta zulia, uchafu hupita katikati ya mapanga ya feni, kisha husukumwa hadi kwenye mfuko ulioning'inia kwenye mpini. Mpangilio huu una faida ya wazi: feni iko karibu na mdomo, hivyo hewa nyingi husafirishwa kwa mota ndogo, na mfuko hutuna wenyewe kwa hewa inayoingia bila kuhitaji sanduku lisilovuja. Hasara yake pia ni ya wazi. Pini, kokoto na sarafu huvunja mapanga ya feni, na kwa kuwa hewa ndani ya mfuko ina shinikizo kubwa kuliko ya nje, kila tundu la mshono hutoa vumbi chumbani. Ndiyo maana mashine nyingi za kusimama zinazotengenezwa kwa hoteli na majengo makubwa zimehamia mpangilio wa pili: mfuko hutangulia ndani ya sanduku lililozibwa, feni hupokea hewa iliyokwisha kuchujwa, na panapotokea ufa hewa huvuja kuingia ndani, haitoki na uchafu.

Mtego wa CDC, kama ulivyoelezwa na watafiti Sudia na Chamberlain mwaka 1962, uko upande wa Spangler. Juu una kifuniko cha kuzuia mvua, chini yake balbu ndogo, kisha bomba fupi la plastiki lenye mota na feni, na mwisho mfuko wa wavu. Mbu anayesogea karibu na balbu huvutwa chini, hupita kati ya mapanga yanayozunguka, kisha husukumwa mfukoni. Nguvu yote hutoka kwenye betri ya volti 6. Hakuna sanduku la kuzibwa, hakuna chujio la kubadilisha, na fundi wa kawaida anaweza kuufungua na kuufunga. Hauna brashi, na hapo ndipo ubunifu wa Afrika Mashariki ulipoingia. Mwaka 1991, mtafiti Lines na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Tanzania wa kutundika mtego kando ya chandarua ambacho mtu amelala ndani yake. Harufu na pumzi ya aliyelala humwita mbu, chandarua humzuia asimfikie, naye huzungukazunguka hadi apite mbele ya mdomo wa mtego. Kazi ambayo brashi huifanya kwenye zulia, yaani kukileta kinachotafutwa mahali ambapo hewa dhaifu inaweza kukibeba, hapa ilifanywa na mtu aliyelala usingizi akiwa salama ndani ya neti.

Muleba ilikuwa na sababu ya kuhitaji chombo kama hicho. Baada ya mlipuko wa malaria wa mwaka 2006, upuliziaji wa dawa-ukoko majumbani ulianza wilayani humo mwaka 2007, na vyandarua vyenye dawa vikagawiwa kwa wingi. Swali lililofuata lilikuwa gumu: je, kupulizia dawa nyumba ambazo tayari zina vyandarua kunaongeza kinga au ni gharama ya bure? Jaribio lililofanyika mwaka 2011 na 2012 liligawa maeneo 50 kwa kura, nusu yakipata vyandarua pamoja na upuliziaji wa dawa ya bendiokabu, nusu vyandarua peke yake. Maambukizi kwa watoto yalikuwa asilimia 13 kwenye kundi la kwanza na asilimia 26 kwenye la pili. Wakati huohuo vipimo vilionyesha kuwa mbu wa Muleba wamekuwa sugu kwa kiwango kikubwa dhidi ya pairethroidi, dawa inayotumika kwenye vyandarua vya kawaida. Likafuata jaribio la pili, la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, chuo cha tiba cha KCMC cha Moshi na chuo cha afya ya kitropiki cha London, katika maeneo 48, likipima chandarua chenye kiambato cha PBO kinachovunja usugu huo. Miezi tisa baada ya ugawaji wa mwaka 2015, maambukizi yalikuwa asilimia 29 kwa watoto wa maeneo ya PBO na asilimia 42 kwa wale wa maeneo ya vyandarua vya kawaida. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliutegemea ushahidi huu kutoa pendekezo la masharti kuhusu vyandarua hivyo.

Katika tafiti kama hizi mtego haukutakiwa kumaliza mbu. Mhudumu wa hoteli anataka mashine isiache kitu kwenye zulia, lakini mtafiti anataka mashine ichukue sehemu ileile ya mbu waliomo chumbani, iwe nyumba iko kwenye miinuko ya Kamachumu au kwenye nyanda za chini za Kimwani. Kama mtego unanasa theluthi tu ya mbu kila mahali, ulinganisho kati ya kundi na kundi unabaki sahihi, maana upungufu uleule uko pande zote mbili za mizani. Ukinasa nusu huku na robo kule, ulinganisho umeharibika hata kama feni ina nguvu ya kutisha. Uthabiti basi ulikuwa na thamani kubwa kuliko nguvu, na mashine yenye sehemu chache, isiyo na chujio la kuziba taratibu wala mpira wa kuchakaa na kuvujisha hewa, ina nafasi kubwa ya kufanya leo kile ilichofanya mwezi uliopita. Wepesi wake pia uliwezesha nyumba nyingi kufikiwa kwa usiku mmoja bila kutegemea nguzo ya umeme.

Atakuja mpinzani wa kwanza na kusema kwamba mashine inayompitisha mbu kwenye feni inaharibu ushahidi wake. Pingamizi hili ni la haki. Mbu anaweza kupoteza miguu, mabawa au magamba, na wengine hufa. Lakini tuangalie maabara inahitaji nini. Kujua kama mbu amebeba vimelea vilivyo tayari kumwambukiza mtu, hupimwa kichwa na kifua chake. Kutenganisha Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, ambao kwa macho hawatofautiki, mguu au bawa moja linatosha kwa kipimo cha vinasaba. Kazi hizo hazihitaji mbu aliye hai. Kipimo cha usugu ndicho kinachomtaka awe hai na mzima, na hapo mtego wa CDC haufai. Kuna vifaa vilivyojengwa kwa mpangilio wa Booth, kama kifyonzaji cha Prokopack kilichoelezwa mwaka 2009, ambacho kikombe chake hutangulia feni na hivyo mbu hagusi mapanga. Hilo linathibitisha kwamba kila mpangilio una kazi yake, na halimfanyi aliyechagua mtego wa taa kwa kuhesabu kuwa amekosea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Dawa iliyo ukutani au kwenye chandarua inaweza kubadili tabia ya mbu: akafukuzwa mapema, akauma nje, au akakosa nguvu ya kuruka hadi mdomo wa mtego. Ikiwa hivyo, sehemu inayonaswa si ileile tena kati ya kundi lenye dawa mpya na lisilo nayo, na ile nguzo ya uthabiti niliyoijengea hoja inatikisika. Nakubali kwamba hakuna usanifu wa feni unaoweza kuondoa tatizo hili, kwa sababu liko kwa mbu. Jibu lake lilikuwa kwenye mpango wa majaribio yenyewe: hukumu kuu ilitolewa kwa damu ya watoto, na hesabu ya mbu ikawa shahidi wa pili wa kueleza kwa nini maambukizi yalipungua. Kwa msingi huohuo, uwiano uliopatikana katika ule utafiti wa 1991, kwamba mitego mitatu hunasa karibu sawa na watu wawili wanaokamata mbu wanaotua mwilini, usichukuliwe kama kanuni ya kukisia idadi kamili ya kuumwa katika kila kijiji cha Kagera. Mtego unafaa kulinganisha. Haufai kutaja jumla.

Pingamizi la tatu linatoka kwa mafundi, nalo linagusa udhaifu ambao ungeweza kupunguzwa. Feni iliyo mbele ya mfuko hulinda kilichonaswa kwa mwendo wake tu. Betri ikiisha usiku wa manane, njia iko wazi na mbu aliye hai anaweza kurudi alikotoka. Ndiyo maana mfuko hufungwa asubuhi kabla ya kuzima mota. Hatari kubwa zaidi ni betri iliyochoka bila kuisha, kwa sababu feni huonekana ikizunguka huku ikivuta hewa pungufu, na hakuna anayegundua. Kupima volti jioni na asubuhi na kuziandika kando ya idadi ya mbu ni kazi ya dakika chache, na kwangu ni sehemu ya data kama ilivyo idadi yenyewe.

Haya yana maana kwa Kagera ya leo, ambako halmashauri na hospitali zitaendelea kununua mashine za kufyonza, ziwe za mazulia, za wodi au za mbu. Wodi ina wagonjwa ambao hawapaswi kupuliziwa vumbi, kwa hiyo inastahili mfuko unaotangulia feni ndani ya sanduku lililozibwa, hata kama bei ni kubwa. Kituo cha kufuatilia mbu kinachotaka hesabu za kulinganishwa mwaka hadi mwaka kinastahili mtego rahisi, betri zilizopimwa na fundi anayejua kubadilisha mota. Zabuni inayoorodhesha nguvu ya mota bila kutaja kazi imeruka swali la msingi. Muleba ilipata majibu yaliyoaminika duniani kwa kifaa cha volti 6, kwa sababu waliokitumia walijua kinapima nini na wakakataa kukidai zaidi ya hapo.