Kuugawa Mzigo

Katika zama ambazo Tabora ilikuwa ikiitwa Kazeh, na misafara ya pembe za ndovu ikipishana hapo na misafara ya nguo za merikani, shanga na waya wa shaba, mpagazi wa Kinyamwezi alichukua begani au kichwani frasila mbili hivi, yaani takriban kilo 32, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Na njia aliyoipita, ambayo wasafiri Waingereza Burton na Speke waliifuata hata wakaingia Kazeh mwezi wa Novemba 1857, haikuwa barabara kwa maana tuijuayo leo, bali ujia mwembamba wa mtu mmoja nyuma ya mwenziwe, uliochongwa na nyayo. Hakuna aliyeutandika mawe, wala aliyeona haja ya kufanya hivyo. Mzigo ulikwisha gawanywa tangu ulipofungwa pwani, na ardhi ikapata mafungu madogo madogo ambayo, katika kiangazi, hata udongo mweusi wa mbugani uliweza kuyahimili.

Reli ya kati ikafika Tabora mwaka 1912, tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928, na juu ya tawi hilo ipo leo bandari kavu ya Isaka, ambako shehena za Rwanda na Burundi huteremshwa katika mabehewa na kupakiwa katika malori. Kontena moja la futi 40 lililojaa hufika tani 30; na mwenye kupenda hesabu akiugawa uzito huo kwa frasila mbili mbili atapata wapagazi zaidi ya 900, msafara mzima uliotiwa ndani ya sanduku la chuma, na sanduku lenyewe likiwekwa chini huketi juu ya pembe zake nne, kila pembe ikikanyaga mahali pasipozidi sentimita 18 kwa upande. Mtambo unaolinyanyua ni thakili kuliko kontena lenyewe, na ukilishika mbele yake ekseli yake ya mbele huweza kubeba karibu tani 100. Ardhi ambayo haikudai chochote kwa mpagazi sasa inadai sana.

Miongoni mwa majawabu ya dai hilo, nilipendalo mimi ni sakafu ya pevingi: tofali ndogo za zege kavu, zilizoshindiliwa kwa mashine ya mtetemo, unene wake aghalabu milimita 80, na penye mizigo ya bandari milimita 100, ambazo hupangwa kwa mkono pasipo saruji baina yake. Asiyeizoea kazi hii hustaajabu kwamba vipande visivyogandamana vikabidhiwe shughuli ambayo bamba kubwa la zege huweza kupasuka kwayo. Siri imo katika nafasi baina ya tofali na tofali, milimita mbili hadi tano, iliyojazwa mchanga mkavu na mwembamba; gurudumu likibonyeza tofali moja, tofali hilo haliwezi kuzama peke yake, kwa kuwa chembe zilizobanwa ubavuni hulishikamanisha na jirani yake, na jirani na wa pili wake, hata uzito uliotua mahali pamoja ukaenea eneo pana kabla haujafika chini. Mzigo uliokusanywa na kontena hugawanywa tena, na kila tofali hupata fungu lake kama mpagazi.

Mpango nao una hikima yake. Tofali zikipangwa safu kwa safu huacha mistari mirefu iliyonyooka, na lori linalofunga breki au kukata kona huzisukuma kwa kufuata mistari hiyo. Lakini zikipangwa kwa mtindo wa mifupa ya samaki, kila moja ikiukinga ubavu wa mwenziwe, hakuna mstari utakaoendelea mbali, na msukumo hupotea ndani ya sakafu. Fauka ya hayo, pembezoni pote hujengwa kingo za zege, maana sakafu isiyozuiliwa kando hutawanyika, hata mafundi wawe hodari namna gani.

Lakini sifa kubwa ya fundi imo katika yale yatakayofukiwa. Kabla ya tofali la kwanza, udongo dhaifu huondolewa, na moramu na kokoto hushindiliwa tabaka baada ya tabaka, kila tabaka likinyweshwa maji kwa kiasi. Kisha hutandazwa mchanga wa sentimita tatu hivi: fundi hulaza mabomba mawili sambamba, huyapima kwa pimamaji, hupitisha rula ndefu juu yake, halafu huyatoa na kuziba mifereji iliyobaki, na tangu hapo hapana mguu unaoruhusiwa kukanyaga mchanga ule. Yeye mwenyewe hupiga magoti juu ya tofali alizokwisha kupanga, akiendelea mbele huku sakafu yake ikimchukua. Wako wanaousawazisha msingi mbaya kwa kuongeza mchanga, na hao ndio wanaoiharibia kazi hii jina, kwa sababu mchanga mnene husogea chini ya magurudumu, na masika ya kwanza yakipita huonekana michirizi ya matairi.

Hata mchanga wa kutandaza una mtihani wake. Fundi mwangalifu hutia mchanga wa mto katika chupa ya maji, akaitikisa na kuiacha: chembe nzito hutua mara moja, na tope hutua mwisho, tabaka jembamba juu yake. Tabaka hilo likiwa nene, mchanga haufai, kwani tope hushika maji, na mchanga uliolowa chini ya ekseli nzito hugeuka uji.

Waholanzi, ambao ardhi yao ni ya kudidimia, walizipenda tofali hizi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na yadi za makontena za Rotterdam zilitandikwa hizo. Mahali palipozama walizing'oa, wakajaza, wakazirudisha zile zile. Kwa Tabora, ambako jua ni kali na dizeli hudondoka chini ya malori yanayosubiri tumbaku, naona faida nyingine: lami hulainika kwa joto na huyeyushwa na dizeli, ilhali zege hustahimili yote mawili. Mwenye yadi anayetaka kujenga basi na aende kazini siku ya msingi, wakati bado kuna moramu tu na kompekta ya kushindilia inapita, akaukague. Kwani siku ya kukabidhiwa ataona uso wa tofali peke yake.