Jina na Mtu katika Riwaya ya Kiswahili

Katika jamii zetu jina halikuwa sauti tupu ya kumwitia mtu. Mtoto aliyezaliwa wakati wa dhiki aliitwa Shida au Tabu. Aliyezaliwa baada ya wenzake kadha kufariki alipewa pengine jina la kudharaulika kwa makusudi, ili mauti yasimtamani. Aliyezaliwa safarini au siku ya mvua kubwa alibeba kumbukumbu ya siku hiyo maisha yake yote. Hata hivyo, hakuna mzazi aliyetazamia kwamba mtoto aitwaye Shida angekuwa shida kwa kila amkutaye. Jina lilisimulia yaliyowapata wazazi. Mwenendo wa mtoto ulikuwa bado kusimuliwa.

Tunaanza na jambo hili kwa sababu riwaya ya Kiswahili imeitumia sana desturi ya majina yenye maana, na kwa sababu katika madarasa yetu desturi hiyo imezaa mazoea mabaya ya usomaji. Mwanafunzi akikutana na mhusika aitwaye Majivuno, huandika katika daftari lake: "Huyu ana majivuno." Akikutana na Utubora, huandika: "Huyu ni mtu bora." Kisha hufunga kitabu, akidhani amekwisha kukihakiki. Kazi ambayo riwaya ilikusudia aifanye, yaani kumtazama mtu katika matendo yake na kumpima, amefanyiwa na jina. Hatuoni kuwa hili ni jambo dogo. Kijana aliyezoea kusoma watu kwa majina yao vitabuni atawasoma vivyo hivyo nje ya vitabu: atamwita huyu mwema na yule mwovu kabla hajamsikia yeyote kati yao akisema neno.

Baadhi ya wahakiki wamemtupia lawama Shaaban Robert kwa ajili ya mazoea hayo. Husema kwamba wahusika wake ni bapa, kwamba ni sifa zilizovishwa kanzu, na kwamba hawana damu. Lawama hii ina ukweli ndani yake, lakini imekatwa kwa haraka mno. Tukichukue Kusadikika, kitabu kilichotolewa mwaka 1951, miaka 10 kabla ya uhuru wa Tanganyika, na kuandikwa na mtu aliyekuwa mtumishi katika serikali ya kikoloni. Karama anashtakiwa kwa sababu anataka kufundisha uanasheria katika nchi isiyopenda kuulizwa. Waziri Majivuno ndiye mshtaki wake. Karama anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mema, nao wakalipwa kifungo. Je, mwandishi wa wakati ule angaliwezaje kuiweka dola kizimbani kwa majina ya watu halisi? Jina la sifa lilikuwa ngao yake.

Lakini zaidi ya ngao, jina lile lina kazi ya kifani. Kwa kuwa tunajua tangu mwanzo kwamba Majivuno ana majivuno, hatuna haja ya kupoteza muda tukijiuliza yeye ni mtu wa namna gani. Swali linalobaki ni kubwa zaidi: imekuwaje maneno ya mtu ambaye jina lake lenyewe linamfichua yakubaliwe barazani mwaka hadi mwaka, na watu sita wenye manufaa wakaoza gerezani? Hapo ndipo penye uchungu wa kitabu. Majivuno hakuwadanganya Wasadikika kwa kujificha. Alikuwa wazi, nao wakamfuata. Mwanafunzi anayeishia kuandika "ana majivuno" ameishia mlangoni.

Kasoro ya fani hii inaonekana katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952. Nduguze Adili waitwa Hasidi na Mwivu. Wivu umewafanya wamtende ndugu yao ubaya, wakageuzwa manyani, naye amepewa sharti la kuwachapa kila usiku. Anawachapa kwa kutii sharti, si kwa kupenda, na picha hiyo ya ndugu mwenye mjeledi mkononi na huruma moyoni ni miongoni mwa picha zenye nguvu katika nathari yetu. Mwishoni ndugu hao wanasamehewa, wanarudi katika umbo la binadamu. Hapa jina linakuwa mzigo kwa mtunzi. Tunaambiwa wametubu, lakini bado waitwa Hasidi na Mwivu. Mtu aliyepewa uovu kuwa ndilo jina lake atatubu vipi pasipo jina kumsuta kila aitwapo? Mwandishi anataka tuamini kwamba moyo wa mtu hugeuka, ilhali ala aliyoichagua inasema kwamba mtu ni kile alichoitwa. Imani yake katika utu imezidi uwezo wa ala yake. Kwetu sisi hilo ni jambo la kumheshimu, na ni funzo kwa kila atakayeshika kalamu.

Waandishi waliofuata hawakuitupa ala hiyo. Waliigeuza. Mohamed Suleiman Mohamed, katika Kiu, riwaya ya mwaka 1972, alimwita msichana wake Bahati. Msomaji aliyelelewa na vitabu vya awali atangoja bahati impate. Badala yake anamwona Idi akimtumia Bahati ili aifikie mali ya Mwinyi, mzee mwenye pesa anayemtaka msichana huyo. Kila mmoja kati ya hao watatu ana kiu yake: mmoja ya penzi, mmoja ya mali, mmoja ya ujana uliokwisha kupita, na kila mmoja anajaribu kunywa katika mtungi wa mwenzake. Jina la Bahati halituelezi tabia yake hata kidogo. Linatuuma, kwa sababu kila linapotajwa linatukumbusha kile asicho nacho. Hiki ndicho kinaya, nacho kinamtaka msomaji alipime jina mwenyewe badala ya kulipokea.

Katika Nyota ya Rehema, iliyotoka mwaka 1976, mwandishi huyo huyo alikwenda mbele zaidi. Mkulima maskini anayeishi na Rehema aitwa Sulubu. Neno hilo katika Kiswahili lina pande mbili: ni nguvu na ukakamavu wa mwili, na pia ni mateso. Mwanamume huyu anaifanyia ardhi kazi kwa sulubu ya kwanza, na mgogoro wa shamba unamtia katika sulubu ya pili. Jina moja, mambo mawili. Na ni mwendo wa hadithi, wala si kamusi, unaotuonyesha jinsi nguvu za mkulima asiye na hati zinavyogeuzwa kuwa mateso yake.

Euphrase Kezilahabi alichota majina mahali pengine. Rosa Mistika, riwaya yake ya mwaka 1971, imepewa jina ambalo Wakatoliki hulitumia katika litania kumwita Bikira Maria. Mwenye jina hilo ni msichana wa Ukerewe, binti wa Zakaria, mlevi aliye mkali sana kwa binti yake na mlegevu sana kwa nafsi yake. Rosa anafungiwa asijue wanaume. Anapotoka kwenda shuleni na chuoni hana kinga yoyote, kwa kuwa alifundishwa kuogopa tu, hakufundishwa kuchagua. Mwisho wake ni kujiua. Kitabu hiki kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, ingawa baadaye kilikuja kusomwa na wanafunzi wa madarasa ya juu.

Tunaamini kwamba usomaji wa majina ulichangia katika ugumu ule wa kukipokea. Msomaji aliyezoea kwamba mhusika mkuu ni kielelezo cha kuigwa atauliza: "Rosa anatufundisha nini?" Akiona maisha yake, atahofu kwamba anafundisha ufisadi. Lakini Rosa si kielelezo. Amepewa jina tukufu na wazazi, na jamii nzima imemtaka alibebe bila kumpa nguvu za kulibeba. Hukumu ya riwaya haimwangukii yeye peke yake. Inamwangukia baba, inawaangukia wanaume wenye vyeo waliomtumia, na mchumba aliyemkataa kwa kosa ambalo wanaume hawaulizwi. Msomaji anayetafuta mwema wa kumsifu na mwovu wa kumlaani hawezi kuyaona hayo, na mwalimu anayemzoesha kutafuta hivyo amemnyima sehemu bora ya kitabu.

Katika Kichwamaji, cha mwaka 1974, Kezilahabi alituondolea hata mwamuzi wa pembeni. Kazimoto, kijana msomi, anasimulia mwenyewe. Hakuna sauti iliyo juu yake ya kutuambia ni lini anasema kweli na ni lini anajidanganya. Wasomaji wengine wamechukua kila neno la Kazimoto kuwa neno la mwandishi, wakalaumu kitabu kwa kukata tamaa. Ni sawa na kusikia ushahidi wa mtu mmoja tu barazani na kuuita hukumu. Fani ya nafsi ya kwanza inamweka msomaji katika kiti cha hakimu, na hakimu hana budi kusikiliza hata yale ambayo shahidi hakutaka kuyatoa.

Shafi Adam Shafi naye, katika Kuli, riwaya ya mwaka 1979, alifanya jambo jingine la kuangaliwa. Kijana wake aitwa Rashidi, jina la kawaida lililojaa mitaani Unguja. Jina zito limewekwa juu ya jalada: kuli, neno ambalo mabwana walilitumia kuwaita wachukuzi wa bandarini kwa dharau. Hadithi inapofikia mgomo wa mwaka 1948, neno hilo limekwisha kubadilika mkononi mwa msomaji. Waliopewa jina kwa pamoja ili wadharauliwe wamegundua kwamba wako pamoja.

Kuna kitabu kimoja kinachoturudisha pale tulipoanzia. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliikamilisha kwa Kikerewe, mwaka 1945, hadithi ndefu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, watu waliopendana na kukosa mtoto. Tafsiri yake ya Kiswahili, aliyoifanya mwenyewe, ilitoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Mtoto anapopatikana hatimaye anaitwa Ntulanalwo, jina linalokumbusha kwamba mtu huishi daima na mauti kando yake. Mtunzi hakumbandika mhusika sifa kwa jina hilo. Ni wazazi ndani ya hadithi waliompa, kwa sababu ya yale yaliyowapata, nasi tumeyaona yakiwapata ukurasa kwa ukurasa. Kwa hiyo tunapolisikia jina, tunasikia hofu yao. Mtoto mwenyewe yuko huru kukua apendavyo.

Basi, mwalimu afanye nini? Tunapendekeza njia nyepesi isiyohitaji vifaa. Achague sura moja ya riwaya, awaombe wanafunzi wayafunike majina ya wahusika na kuweka herufi tu badala yake. Kisha awaulize: mtu huyu anatenda nini wakati haonwi na yeyote? Anapoteza nini, na anakubali kupoteza nini ili asipoteze kingine? Nani anasema habari zake, na msemaji huyo ana faida gani? Baada ya kujibu hayo, wayafunue majina na kuuliza swali la mwisho: nani amempa mtu huyu jina lake, na kwa nini? Wataona kwamba Majivuno, Bahati, Rosa na Ntulanalwo wamepewa majina kwa njia nne zilizo mbalimbali kabisa, na kwamba tofauti hizo ndizo ufundi wa watunzi wao.

Wapo watakaosema kwamba njia hii itachelewesha mtaala, na kwamba mtihani unauliza dhamira na mafunzo. Hatuyapuuzi mafunzo, fasihi yetu imekuwa mwalimu tangu zama za ngano, nayo haina haja ya kuona haya kwa sababu hiyo. Tunachosema ni kwamba funzo la riwaya haliko katika jina la mhusika wala katika sentensi ya mwisho ya mwandishi. Limo katika kazi ya kumfuata mtu toka mwanzo hadi mwisho na kuchelewa kumhukumu. Taifa linalotaka raia waadilifu barazani, kazini na majumbani linahitaji watu walioizoea kazi hiyo, na kwa vijana wengi darasa la fasihi ndipo mahali pa kwanza wanapoweza kuanza kuizoea.