Kabla ya Saratani, Kulikuwa na Orodha ya Kozi

Wengi wanaokikumbuka kitabu cha Paul Kalanithi, When Breath Becomes Air, hukumbuka kifo. Wana haki. Mwandishi alikuwa daktari wa upasuaji wa ubongo aliyekaribia kumaliza mafunzo yake Stanford. Mwaka 2013, akiwa na miaka 36, aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, na Machi 2015 akafariki. Kitabu kilitoka Januari 2016, kikiwa na sehemu ya mwisho iliyoandikwa na mkewe, Lucy. Kitabu cha namna hiyo husomwa na leso mkononi. Mimi kinachonirudisha kwake ni zile kurasa za mwanzo, anaposimulia alivyokuwa kijana wa shahada ya kwanza asiyejua asome nini.

Alikulia Kingman, mji mdogo wa jangwani katika jimbo la Arizona, na mama yake alihakikisha anasoma vitabu kuliko shule ilivyodai. Kabla ya kwenda chuo, rafiki yake wa kike alimpa riwaya ya Jeremy Leven, ya kuchekesha, kuhusu Shetani na daktari wake wa akili. Hakuiona kuwa kazi kubwa ya fasihi. Lakini riwaya hiyo ilichukulia, kama jambo lisilohitaji hata kuelezwa, kwamba akili si kitu kingine ila ni ubongo ukiwa kazini. Kijana akashtuka. Akaifungua orodha ya kozi za Stanford, ambayo tayari alikuwa ameitia alama kwenye kozi za fasihi, akaanza kutafuta za biolojia na za sayansi ya ubongo.

Ninapenda kwamba kilichompeleka kwenye sayansi ni riwaya ya kawaida tu, wala si mwalimu mashuhuri.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mshtuko ule unakuja kwa njia nyingine. Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba akili ni kazi ya ubongo, atakujibu kuwa alifundishwa hivyo sekondari. Mwambie sasa kwamba moyo nao ni kazi ya ubongo. Moyo mzito, moyo wa kutoa, moyo uliokataa ndoa iliyokwisha kulipiwa mahari: yote hayo ni seli za neva zinazopelekeana ishara. Hapo mazungumzo yatageuka ubishi, na sidhani kama ubishi huo utatokana na ujinga. Lugha yetu imegawa utu wa mtu kati ya akili, moyo, nafsi na roho, na kila kimoja kina kazi yake. Anayesoma nyurobiolojia huku akifikiri kwa Kiswahili ana maswali mengi zaidi ya lile moja la Kalanithi.

Jambo jingine linaloumiza kidogo ni urahisi wa uamuzi wenyewe. Kalanithi alitoka Stanford na shahada ya fasihi ya Kiingereza na ya biolojia ya binadamu, kisha akaongeza ya uzamili katika fasihi. Kwa miaka mingi kijana wa Tanzania amechagua tahasusi akiingia kidato cha tano: ukienda PCB umeagana na fasihi, ukienda HKL umeagana na maabara. Kuna watu niliosoma nao waliokuwa wakiandika mashairi nyuma ya daftari la kemia, nao leo ni wafamasia. Wakisoma ukurasa ule wa orodha ya kozi watahisi kijicho, na ni halali yao.

Lakini kitabu kina kasoro ambayo sifa zake nyingi zimeifunika. Kalanithi anagawa kazi hivi: fasihi ndiyo inayosimulia vizuri zaidi maisha ya ndani ya mtu, na sayansi ya ubongo inaweka kanuni za kiungo chenyewe. Mgawanyo huu unapendeza masikioni, ila unaipunja sayansi. Unaifanya ionekane kama katiba iliyokwisha kupitishwa, wakati anayeisoma kweli hukutana na ugomvi tangu muhula wa kwanza. Mwaka 1906 Camillo Golgi na Santiago Ramón y Cajal walipewa Tuzo ya Nobel pamoja, na Golgi akatumia hotuba yake kupinga wazo ambalo Cajal alikuwa amelijengea jina: kwamba seli za neva ni moja moja, hazikuungana kuwa wavu mmoja. Cajal alikuwa akitumia mbinu ya kutia rangi iliyobuniwa na Golgi mwenyewe! Na Cajal huyo utotoni alitaka kuwa mchoraji. Baba yake ndiye aliyemsukuma kwenye udaktari.

Au tuchukue idadi ya nyuroni. Vitabu vya kiada vilikuwa vikiandika bilioni 100, hadi Mbrazili Suzana Herculano-Houzel alipouliza nani alizihesabu. Yeye na wenzake wakabuni njia ya kuuyeyusha ubongo uwe kama supu ili wahesabu viini vya seli, na mwaka 2009 wakatoa jibu la bilioni 86 hivi. Hiyo nayo ni habari ya wivu, ukaidi na mikono yenye kazi. Riwaya ingeitamani.

Kwa nini Kalanithi hatupi haya? Sababu moja anaitaja mwenyewe, kwa ucheshi. Likizo moja aliweza kuchagua kati ya kituo cha utafiti wa nyani cha Yerkes, Atlanta, na kazi ya jikoni katika kambi ya mapumziko kando ya ziwa milimani. Akachagua jikoni, na mshauri wake wa biolojia hakufurahi. Zile kurasa za ziwa ni nzuri mno. Hata hivyo zimetunyima maabara ya mwanafunzi, mahali ambapo kijana angeshika kisu kidogo, akosee, arudie. Tunaingia maabara baadaye sana, akiwa tayari daktari, na hapo sayansi inapata uso: mkuu wa maabara, anayetajwa kwa herufi V tu, anaugua saratani, na mwanasayansi huyo anamuuliza mwanafunzi wake kama maisha aliyoyaishi yalikuwa na maana.

Ukurasa wa wanafunzi ninaousoma tena kila mara ni ule wa ziara. Kalanithi na wenzake wanatembelea nyumba wanamotunzwa watu walioumia vibaya ubongo. Wanaambiwa kuwa mwanzoni ndugu huja mara kwa mara, kisha hupunguza, hadi wengine wanabaki kuja siku za kuzaliwa na Krismasi. Mmoja wa anaofuatana nao anasema labda ingekuwa heri wagonjwa hawa wangekufa. Katika kitabu chote hakuna mahali pengine ambapo nyurobiolojia ni nzito hivi, na hakuna kanuni yoyote pale. Kuna chumba, na msichana ambaye kijana anamshika mkono. Msichana anamtazama, anatabasamu.