Mbwa Mdogo Akipandwa: Tarehe Kwanza, Sindano Baadaye

Mbwa jike wa miezi minane, mwenye kilo 12, amepandwa na dume lililoruka ukuta. Ni joto lake la kwanza na mifupa yake bado inakua. Wenye mbwa wengi hukimbilia kuomba sindano siku hiyohiyo. Kwa daktari makini, kazi huanza kwa kuandika tarehe, kwa sababu kila njia ya kumsaidia ina siku zake.

Jike hushika joto kwa takriban wiki tatu. Yai likishatoka huhitaji siku mbili hivi kukomaa, na mbegu za dume zinaweza kuishi ndani ya jike hadi wiki nzima. Ndiyo maana kumwogesha hakusaidii kitu, na kuwatenganisha mbwa waliokwisha kushikana ni kuwaumiza bure. La kufanya ni kumfungia ndani mpaka joto liishe, kwani akipandwa na dume la pili anaweza kuzaa watoto wa baba wawili kwa mkupuo mmoja.

Zamani madaktari walichoma estrojeni mapema. Dawa hiyo inaweza kusababisha usaha kwenye mfuko wa uzazi na kudhoofisha uboho unaotengeneza damu, na mbwa akafa. Ni hatari isiyo na sababu, hasa kwa kuwa si kila anayepandwa hushika mimba. Kwa hiyo husubiriwa siku ya 25 hadi ya 30, ultrasaundi itoe jibu. Eksirei haifai wakati huo: mifupa ya vijusi huanza kuonekana baada ya siku ya 45.

Mimba ikithibitika, na mwenye mbwa hana mpango wa kuzalisha, upasuaji wa kuondoa mfuko wa uzazi na ovari ndiyo njia bora. Kusubiri kumekwisha kusaidia hapa pia: wakati wa joto mishipa ya uzazi hujaa damu, na mimba ikikua sana mishipa hupanuka tena. Katikati ya vipindi hivyo viwili daktari hufanya kazi kwa usalama zaidi.

Anayetaka kuzalisha baadaye ana agleprisitoni, pale inapopatikana. Mimba ya mbwa hushikiliwa na projesteroni, na dawa hii huiziba homoni hiyo isifanye kazi kwenye mfuko wa uzazi. Kipimo ni miligramu 10 kwa kila kilo, kwa hiyo mbwa wetu hupata miligramu 120, kisha 120 nyingine baada ya saa 24. Mwisho wake ni siku ya 45. Mwanamke mjamzito asiishike dawa hii kabisa. Ultrasaundi hurudiwa baada ya siku kumi hivi, na mwenye mbwa awe macho, maana joto linalofuata huja mapema kuliko kawaida.

Ikiwa mimba itaachwa ifike siku zake 63, jike hulishwa chakula cha watoto wa mbwa, kwa kuwa anajikuza mwenyewe huku akikuza wengine. Asipewe vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba: huulegeza mwili usizoee kuchota kalsiamu kwenye mifupa, na maziwa yakianza kutoka anaweza kupata degedege. Baada ya siku ya 55 eksirei huhesabu watoto, na daktari hupima kama vichwa vyao vitapita kwenye nyonga changa, jambo la kuhofiwa zaidi baba akiwa mbwa mkubwa.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 37.2, uchungu uko karibu, mara nyingi ndani ya saa 24. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au akitoa uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, apelekwe kwa daktari wa mifugo papo hapo. Namba ya daktari huyo, na usafiri wa usiku, vipangwe wiki nzima kabla.