Chipu Iliyokufa na Programu Yake

Kompyuta ya IBM XT ikiwashwa hujikagua kwanza, na ikikuta kasoro huandika namba kwenye skrini. Hii niliyoletewa iliandika 301, namba ya kibodi. Aliyeileta ni karani mstaafu, mama aliyechapia barua kwenye kibodi hiyo hiyo kwa miaka mingi. Nilipogusia habari ya kuitupa alinikatiza: "Mwanangu, kibodi nyingine ninazo. Nataka hii." Alikuwa na haki. Kibodi za leo haziongei lugha ya XT, mashine iliyotoka mwaka 1983, na vitufe 83 vya ile ya zamani havifanani na chochote kinachouzwa madukani sasa.

Mazungumzo kati ya kompyuta na kibodi hii ni mafupi. XT huushusha waya wa saa kwa kitambo kidogo, na hiyo ndiyo amri ya kuanza upya. Kibodi nayo hujipima, kisha hujibu kwa baiti moja: AA. Jibu lisipofika, inatokea 301. Kwa hiyo nilikuwa natafuta kilichoinyamazisha kibodi.

Nilianza na waya, maana ndio mkosaji wa kawaida. Hukatika kwa ndani pale unapoingilia kwenye boksi. Ulikuwa mzima. Volti 5 zilifika kwenye bodi bila kupungua. Ikabaki chipu kubwa ya miguu 40, na namba iliyochapwa mgongoni mwake haikuwemo kwenye kitabu chochote cha chipu nilicho nacho.

Hapo mafundi wengi hukata tamaa, na hawana sababu. Kampuni kubwa ziliagiza chipu zikachapishiwa namba zao wenyewe, lakini namba hubadilika, miguu haibadiliki. Chukua mita, tafuta hasi iko mguu gani, volti 5 ziko upi, na mapigo ya saa yanaingilia wapi. Chipu ya Z80 nayo ina miguu 40, lakini hasi yake iko mguu wa 29 na chanya mguu wa 11. Chipu ya 8051 ina hasi mguu wa 20 na chanya wa 40, saa yake ikiingilia 18 na 19. Yangu ilikuwa na hasi kwenye 20, chanya kwenye 40 na tena kwenye 26, saa kwenye 2 na 3. Ramani hiyo ni ya Intel 8048, maikrokontrola iliyotoka mwaka 1976: ndani yake kuna prosesa, baiti 64 za kumbukumbu ya kazi, na baiti 1024 za programu.

Je, imekufa? Mguu wa 11, unaoitwa ALE, ndio mshipa wa kushika. Chipu ikiwa hai mguu huo hupiga bila kupumzika, pigo moja kwa kila mapigo 15 ya saa. Niliweka osiloskopu kwenye 2 na 3, mawimbi yapo. Nikahamia 11: mstari mnyoofu. Mwenye haraka angehukumu hapo hapo, na angeweza kuua chipu isiyo na kosa. Mguu wa 5 ukishushwa, 8048 husimama kama imegandishwa, ALE ikabaki juu bila kupiga. Mguu wa 4 ukikwama chini, chipu inabaki kwenye hali ya kuanza upya daima. Mguu wa 7 nao ukiwa juu, chipu huacha programu yake na kuitafuta nje, kusiko na kitu. Nilipima yote mitatu, kila mmoja ulikuwa mahali pake. Sasa hukumu ilikuwa halali.

Kuitoa si kazi ngumu ukikubali kwamba imekwisha kufa. Nilikata miguu yote 40 kwa koleo dogo, kiwiliwili kikatoka, kisha nikang'oa mguu mmoja mmoja kwa pasi ya kulehemu. Anayeng'ang'ania kuitoa nzima huinua njia za shaba, na bodi ya umri huo haivumilii moto mwingi. Nikaweka soketi.

Kisha ukaja ugumu wenyewe. Kununua 8048 nyingine hakusaidii kitu. Programu ya chipu hii ilitiwa kiwandani wakati wa kuitengeneza, kwa agizo la mteja, na haifutiki wala haiandikwi upya. 8048 iliyotoka kwenye mashine nyingine itaingia sawasawa kwenye soketi, itawaka, na haitajua kabisa kibodi ni nini. Ninachohitaji ni zile baiti 1024.

Bahati ni kwamba chipu za ukoo huu hazikufungwa. Ukiupa mguu wa 7 volti 12, chipu nzima hukusomea programu yake yote, baiti baada ya baiti. Nilipata kibodi ya pili ya aina ile ile, vitufe vimevunjika lakini chipu inapumua. Niliisoma mara tatu na kulinganisha. Nakala zote zilikuwa sawa. Nikaiandika kwenye 8748, ndugu wa 8048 mwenye kidirisha cha kioo, ambaye hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno na kuandikwa tena. Nikaziba kidirisha kwa stika ili mwanga usije ukafuta nilichoandika.

Kibodi ilijibu AA mara ya kwanza nilipowasha, na 301 haikuonekana tena.

Chipu iliyokufa kama ile ya kwanza haisomeki tena. Kama unayo mashine ya miaka hiyo inayofanya kazi, iwe kibodi, printa au kinanda, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kusomea, asome programu na kukuwekea nakala sasa, wakati chipu bado inapumua.