Kanda ya Rafiki kama Matini: Mpangilio wa Nyimbo, Msemaji na Msikilizaji katika Muktadha wa Busale, Kyela

Tasnifu nyingi za Kiswahili zinazochunguza nyimbo pendwa huanzia kwenye wimbo mmoja mmoja. Mtafiti huteua msanii, hunukuu mashairi yake, kisha hupambanua dhamira na matumizi ya lugha. Utaratibu huo una faida zake, lakini huchukulia kwamba anayesema katika wimbo ni mtunzi peke yake. Uhakiki huu unapinga dhana hiyo kwa kuangalia mazoea yaliyoenea nchini Tanzania katika zama za kaseti: mtu kukusanya nyimbo za wasanii mbalimbali, kuzipanga apendavyo katika kanda moja, na baadaye katika CD, kisha kumpa rafiki. Hoja inayojengwa ni kwamba kanda ya namna hiyo ni matini inayojitegemea, na aliyeipanga ni fanani wake ingawa hakutunga hata mstari mmoja.

Muktadha wa Busale, katika Wilaya ya Kyela kaskazini mwa Ziwa Nyasa, umechaguliwa kwa sababu uko mbali na mahali ambapo tafiti za muziki wa Tanzania zimezoea kusimama. Perullo (2011), kwa mfano, ameeleza kwa kina uchumi wa muziki wa Dar es Salaam, ikiwa ni pamoja na usambazaji wa kanda na tatizo la nakala haramu. Mtazamo wa kutoka mjini humwona mtu wa Kyela kama mnunuzi wa mwisho wa bidhaa. Hauonyeshi anachoifanyia bidhaa hiyo baada ya kuipata.

Kaseti ilizinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Umuhimu wake kwa Tanzania Bara hauwezi kutenganishwa na hali ya utangazaji. Hadi vituo binafsi kama Radio One vilipoanza katika miaka ya 1990, msikilizaji alitegemea Radio Tanzania Dar es Salaam, na bendi kubwa za dansi zilirekodiwa katika studio zake kwa ajili ya matangazo kuliko kwa ajili ya kuuzwa. Wimbo ulisikika zamu yake ilipofika. Aliyeutaka tena alipaswa kuunasa mwenyewe, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha redio kaseti, huku akihofia betri zisiishe katikati ya ubeti. Ndiyo sababu kanda nyingi za zama hizo zina sauti ya mtangazaji iliyoingia juu ya kiitikio, au wimbo uliokatwa na taarifa ya habari. Mhakiki mwenye haraka ataziita kasoro hizo kelele. Zinastahili kusomwa kama alama za mkono wa fanani, kwa kuwa zinaonyesha alikuwa wapi, alisubiri nini, na alikubali kupoteza nini. Zipo pia nyimbo ambazo kusubiri redio hakukusaidia. "Mambo kwa Soksi" wa Remmy Ongala, uliohimiza matumizi ya kondomu, ulikataliwa na redio ya taifa na ukasambaa kwa kanda. Kumpa rafiki kanda yenye wimbo huo lilikuwa tendo lenye uzito tofauti kabisa na kumpa wimbo uliopigwa redioni kila siku.

Kanda ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande. Ufinyu huo ndio unaoipa umbo, maana kila wimbo unaoingia umeutoa mwingine. Tuchukue mfano wa kubuni wa kanda inayotoka Busale kwenda kwa rafiki aliyehamia Mbeya kutafuta kazi. Wimbo "Shida" wa Mbaraka Mwinshehe ukifungua upande wa kwanza, unaweza kueleweka kuwa taarifa ya hali ya nyumbani. Ukiwekwa mwisho wa upande wa pili, baada ya nyimbo za kuchezeka, unakaribia kuwa ombi la msaada. Maneno ni yaleyale, lakini Mbaraka, aliyefariki mwaka 1979, hawezi kuwa mwenye ombi hilo. Maana imezaliwa na mahali wimbo ulipowekwa pamoja na uhusiano wa watu wawili, na uchambuzi wa mashairi pekee hauwezi kuifikia.

Nadharia ya Mwingilianomatini iliyoasisiwa na Julia Kristeva katika miaka ya 1960 inaonekana kufaa hapa, na kwa kiasi fulani inafaa. Udhaifu uko katika namna inavyotumika. Kristeva aliweka mhimili wa matini na matini pamoja na mhimili wa mwandishi na msomaji, ilhali tasnifu nyingi huishia kwenye ule wa kwanza, zikihesabu matini gani imeingia katika matini gani. Msaada mkubwa zaidi unapatikana karibu. Askew (2002) ameonyesha jinsi mtu anayeinuka kutuza katika taarabu anavyoweza kuufanya ubeti ulioimbwa na mwingine uwe ujumbe wake kwa mtu aliyemo ukumbini. Beck (2001) naye ameeleza kuwa jina la khanga husema kwa utata, kiasi kwamba mvaaji anaweza kukana kuwa alimsema yeyote. Uwezo huo wa kukana upo pia katika kanda. Aliyeulizwa kwa nini aliweka wimbo fulani anaweza kujibu kwamba aliupenda tu mdundo wake.

Hata hivyo, kielelezo cha pwani hakiwezi kuhamishiwa Kyela kizimakizima. Taarabu huhitaji mashahidi, na raha yake moja ni watu kutambua nani kasemwa. Kanda ya rafiki ina mlengwa mmoja, ingawa redio kaseti ikifunguliwa husikika kwa kaya nzima, hivyo lililo la siri hufichwa katikati ya nyimbo ambazo hata wazazi hawatazikataa. Kwa upande huu, dhana ya Kinyakyusa ya ukwangala inaeleza zaidi. Monica Wilson (1951) aliifafanua kuwa ni raha ya kukaa pamoja na wenzi, yaani kula, kunywa na kuzungumza na watu wa rika moja. Maelezo yake yalihusu vijiji vya rika vya wanaume, mfumo ambao haupo tena kwa sura ile, na si halali kuyachukua kama picha ya vijana wa leo. Kinachobaki na manufaa ni wazo kwamba urafiki huthibitishwa kwa kushiriki kitu, bila lazima ya kuutamka. Kanda inayotumwa mbali inamwezesha rafiki asikilize kile ambacho wangesikiliza pamoja.

CD iliyochomwa ilibadilisha mengi. Pande mbili zilitoweka, na CD ya MB 700 yenye faili za MP3 ikaweza kubeba nyimbo zaidi ya 100. Palipo na nafasi ya kila kitu, uteuzi hupungua nguvu kama usemi. Isitoshe, kazi ya kuchoma mara nyingi ilifanywa na mwenye kompyuta kibandani, ambaye aliongeza za kwake pale orodha ya mteja ilipoisha. Umiliki wa matini hapo una utata wa kweli, na mhakiki hana budi kuuliza ni nani kati ya wawili hao aliyepanga nini.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imewafanya watafiti wazungumzie nakala hasa kama hasara. Hasara ipo, na kanda kutouzwa hakuifuti. Tatizo ni kwamba nakala elfu za mfanyabiashara na nakala moja yenye jina la mpokeaji huwekwa katika fungu moja, kisha zote hutupwa kwa kuwa nyimbo zilizomo zinapatikana kwingine. Utepe wa kaseti huharibika kwa joto na unyevu, na mwambao wa Nyasa una vyote viwili. Mtafiti atakayezikusanya anapaswa kunakili mpangilio wote bila kuruka vipande vilivyokatwa, kuhifadhi kava lenye mwandiko, na kumhoji aliyetuma pamoja na aliyepokea wangali hai. Bila kava na mahojiano hayo, atakachobaki nacho ni nyimbo 12 za wasanii wanaojulikana.