Gari Lililochemsha: Kipindi Kizima cha Joto Ndani ya Rejeta

Basi linapanda Kitonga, mkoani Iringa, likiwa limejaa abiria na mizigo. Mshale wa joto unagusa alama nyekundu, mvuke unafuka kwenye boneti, dereva anaegesha. Utingo anashuka na dumu la maji na kitambaa, anataka kufungua mfuniko wa rejeta. Afungue au asifungue?

Mwalimu wa fizikia anayeanza mada ya joto kwa swali hili amefanya jambo la maana kuliko anayeanza kwa kujaza kanuni ubaoni. Kanuni ikitangulia, mwanafunzi huikariri. Tatizo likitangulia, huitafuta.

Kwanza wanafunzi wataje sababu, na kila sababu waitolee maelezo. Zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta huishia kuwa joto. Mlimani injini inafanya kazi kubwa huku gari likienda taratibu, hivyo upepo unaopita kwenye rejeta ni mdogo na feni ndiyo inayobeba mzigo. Mkanda wa feni ukilegea au maji yakipungua, joto linaloingia linazidi linalotoka.

Kisha lije swali gumu: kwa nini maji yaliyotulia ndani ya rejeta yalipuke mfuniko ukifunguliwa? Hapa bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe, linatosha kuwa maabara. Mwalimu anavuta maji kidogo yenye nyuzi 70 hivi, anatoa hewa yote, anaziba mdomo wa bomba, halafu anavuta kisukumio kwa nguvu. Maji yanatokota hapo hapo bila moto. Darasa limejionea kwamba mgandamizo ukishuka, kiwango cha kuchemka nacho kinashuka. Ndiyo maana Mbeya, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko wa rejeta hufanya kinyume: springi yake inashikilia mgandamizo ndani, na maji huweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka.

Sasa hesabu ina kazi. Tuchukue kilo moja ya maji yenye nyuzi 115, na tukokotoe kwa usawa wa bahari. Mfuniko ukifunguliwa, maji hayawezi kubaki juu ya nyuzi 100. Joto la ziada ni 15 mara 4,200, yaani jouli 63,000. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji jouli 2,260,000, kwa hiyo gramu 28 hivi zinageuka mvuke papo hapo. Gramu hizo hujaza zaidi ya lita 45, kupita madumu mawili ya lita 20, na zote zinatafuta njia kupitia tundu moja lililo mbele ya uso wa utingo. Tena gramu moja ya mvuke ikigusa ngozi na kuwa maji, huachia joto zaidi ya mara tisa ya gramu moja ya maji yanayochemka.

Jibu limepatikana: asifungue. Injini izimwe, wasubiri mpaka rejeta ipoe. Na maji ya baridi yasimwagwe kwenye injini ya moto, kwa sababu chuma kikisinyaa ghafla upande mmoja huweza kupasuka.

Nguvu ya mbinu hii ni kubaki na hitilafu moja mpaka iishe. Walimu wengine hutaja betri, breki na tairi ndani ya dakika 40, na wanafunzi wanatoka na orodha badala ya uelewa. Breki zingoje zamu yake, kama mtihani: lori la tani 30 linashuka mita 400, nishati ya jouli milioni 120 inakwenda wapi, na kwa nini dereva mzoefu hushuka kwa gia ndogo? Mwanafunzi anayejibu hilo bila kuelekezwa ameielewa nishati, na siku akikaa nyuma ya usukani elimu hiyo italinda maisha ya watu.